Siku Nane za Hotelini Osaka

Majirani zangu wa mtaa wa Komarock wanaamini nilikula raha Ujapani. Picha wameziona. Katika moja nimesimama mbele ya kasri la Osaka, mapaa yake ya kijani yamepandana, na mimi nimekunja uso. Jirani mmoja aliniuliza kama jua lilikuwa kali. Nikamjibu ndiyo. Halikuwa jua, ni hasira.

Binti yangu, mtoto pekee niliyejaliwa, ameolewa huko, na ana msichana wa miaka mitatu. Mimi nauza sufuria mjini, soko la Muthurwa, lakini kwetu ni magharibi ya nchi, na kwetu mama mkwe haingii ovyo kwa mkwewe, sembuse kulala chini ya paa lake. Mwiko huo niliuimba mwenyewe miaka nenda miaka rudi. Dada yangu alipoanza kulala kwa binti yake kule Kware, nilimkemea mbele ya watu, nikamwambia hana haya. Binti yangu alikuwa ameketi papo hapo, anasikia.

Tiketi ilipofika, moyo wangu ulilainika. Nilitaka kulala kwa mwanangu. Nilitaka kumwogesha mjukuu wangu, nione kitanda chake, nisonge ugali katika jiko lao. Nilificha unga wa wimbi katikati ya nguo. Ila mimi ni mtu wa kubembelezwa, sikatai. Nilikuwa nimepanga: watanikaribisha nyumbani, nitakataa, watarudia, nitakataa, mara ya tatu nitaguna na kukubali, ili lawama iwe yao.

Kutoka uwanja wa ndege walinipeleka moja kwa moja hotelini. Mkwe wangu akanifungulia mlango wa chumba, akainama, akaaga. Hakuna aliyenibembeleza hata mara moja.

Basi nikatembezwa. Kila asubuhi binti yangu na mtoto walinijia. Tulipanda ghorofa za lile kasri mpaka magoti yakalia. Tulienda mji wa jirani, Nara, ambako kulungu wanazurura kati ya watu na kuinamisha vichwa ili wapewe biskuti. Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nikawaza: mnyama huyu anaomba anachotaka na anapewa, nami nimefumba mdomo.

Chakula nacho, walinilisha. Kando ya mfereji wa Dotonbori nilikula vitumbua vidogo vya mviringo vyenye kipande cha pweza ndani, vikaniunguza ulimi. Jioni nyingine tulikaangiwa chapati nene ya kabichi juu ya bati la moto mbele yetu. Ilikuwa tamu, na utamu wenyewe uliniudhi. Nilisafiri kote huko nile mikahawani? Giza likikaribia mtoto alianza kupiga miayo, wakaenda kwao, nami nikabaki dirishani kutazama ukuta wa jengo la jirani.

Siku ya saba ilikuwa ya zawadi. Wenzetu Wajapani, mtu akisafiri, ni lazima awarudie wenzake na boksi la biskuti, kila biskuti imefungwa peke yake. Binti yangu alikuwa na orodha: wamama wa jumuiya, pasta, majirani, shangazi zake.

"Na wewe, Mum, unataka nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nikajibu, "Mimi sitaki kitu." Akaniongezea upepeo.

Uwanja wa ndege, siku ya kuondoka, nililipuka. Nilimwuliza kwa sauti, watu wakageuka, kama ananionea aibu hata nisiione nyumba yake.

Alinitazama kama hanijui. "Mum, si ni wewe ulisema hiyo kitu haiwezekani? Mume wangu alikuwa ametoa meza yake ya kazi, akaweka kitanda, akatandika. Ni mimi nilimwambia mama yangu hawezi lala kwetu. Akatandua."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungesema."

Abiria wa ndege yangu walikuwa wakiitwa. Mjukuu wangu alinikabidhi boksi dogo kwa mikono miwili, akainama vizuri, kama alivyofundishwa kuinamia wageni.

Nimegawa zawadi zote. Dada yangu alikuja kuchukua zake Jumamosi, begi begani, akiwa njiani kwenda Kware. Nilimpa biskuti na upepeo pia, maana siwezi kuutazama. Hakunikumbusha nilivyomtukana. Laiti angenikumbusha.

"Na kwake kukoje?" akaniuliza. "Nionyeshe nyumba."

Nilishika simu, nikapekua picha kwa muda mrefu, kisha nikamwonyesha kasri. Aliitazama ile picha, akanitazama mimi. Akafunga begi lake, akaenda kulala kwa binti yake.