Mume Hakuchorwa

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu tulimzika baba yako huko Buffalo, mwanangu, nami nikampoteza mdogo wangu wa pekee. Pale nyumbani kwenu Kenmore watu walikuambia usilie, wewe sasa ndiye mwanamume wa nyumba. Uliwajibu kwa Kiingereza kwamba uko sawa, ukaendelea kuwagawia wageni soda. Nilikuona, nikanyamaza. Sasa nimesharudi Columbus, na kunyamaza kumenishinda.

Nakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa Marekani, kule Louisville, ningali kijana, simu ilipokuja kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma kwamba mama, bibi yako, amefariki. Kanisani waliniambia Mkristo halii sana. Basi kila nikitoka kazini nilifungulia nyimbo za kwaya, zile za kurukaruka, sauti juu kabisa, nisiusikie moyo wangu.

Jioni moja mzee wa ghorofa ya juu alibisha hodi. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tabora, Kiswahili chake kizuri kuliko changu.

"Kijana, jengo zima linacheza. Mbona wewe huchezi?"

Nikamweleza habari za mama. Alinipandisha kwake, akanionyesha picha alizochora, ndogo kama kiganja. Alisema kwao kila picha ya namna ile ni muziki: upo wa alfajiri, upo wa mvua, upo wa majonzi, na mchoraji huchora hali ya moyo ya muziki huo. Moja ilikuwa na mwanamke peke yake msituni, ameshika zeze, swala wamesimama wanamsikiliza.

"Anamngoja mumewe," alisema.

"Si umchore tu amerudi, mzee. Hapo pembeni pana nafasi."

"Hajarudi. Nikimchora, huo ni wimbo mwingine." Akanitazama. "Wewe unapiga nyimbo za harusi kwenye msiba wa mama yako. Utamlilia lini?"

Nilishuka, nikazima redio, nikakaa sakafuni nikalia. Sikupona, nisikudanganye. Ila tangu hapo niliweza kulitaja jina lake.

Ninachokuomba, mwanangu, usijifanye mchangamfu ili wengine wapumue. Kilio kikija, lia, hata mbele ya wadogo zako, wajue baba yao alipendwa. Mungu akupe kifua cha kulibeba hili, na mtu wa kukaa karibu nawe bila kukuharakisha.

Jana ulinipigia simu. Hukusema neno, nilisikia tu unavyovuta pumzi. Sikukata, nawe hukukata.