Jina Nililoandika Kwenye Fomu ya Nadine

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wanafunzi wanaokwenda nje, mapema mwaka 2008, Msajili Msaidizi alinipa kifaa cha kung'olea pini na rundo la karatasi. "Ubalozi hawapendi pini, Ma," akaniambia. "Zitoe zote, halafu tuanze kazi." Nilikuwa na miaka hamsini na minne, Mkenya niliyemfuata mume Johannesburg, na vyeti vyangu vya ukarani nimevipanga vizuri kwenye bahasha. Nikashinda mchana kutwa nang'oa pini.

Chuo chetu kilikuwa na makubaliano na chuo kimoja cha Valencia, Hispania. Kila mwaka tulipeleka wanafunzi wachache wakasome muhula mmoja, na mimi ndiye niliyeandaa mafaili yao. Faili kamili lilikuwa na barua ya mwaliko, bima ya afya, cheti cha polisi kwamba mtu hana kesi, na tafsiri iliyoapishwa, yaani iliyofanywa na mtu aliyekula kiapo mahakamani. Juu ya hayo kulikuwa na apostili: muhuri wa kuthibitisha kwamba muhuri mwingine ni wa kweli. Msicheke. Nimeona safari ya mtu ikifa kwa kukosa apostili moja.

Msajili Msaidizi alikuwa mama wa Kizulu, mkali lakini mwenye haki. Baadaye alikuja Mkurugenzi, bwana aliyependa mikutano, ila kazi nilifunzwa na yule mama. Kwa miaka minne ubalozi haukunirudishia faili hata moja, na sifa zile, nikiri tu, zilinilevya.

Mwaka 2012 akaja Nadine Irakoze, binti wa wakimbizi wa Burundi waliokaa Joubert Park. Kihispania chake kilikuwa kizuri hata mwalimu wake akaja mwenyewe ofisini kumwombea nafasi. Siku ya kujaza fomu ya familia Nadine alikuwa darasani, kwa hiyo akaja baba yake, Mzee Ndayizeye, mlinzi wa jengo moja Hillbrow, ametoka zamu na sare bado mwilini. Alitaja majina nami nikaandika. Baba: Ndayizeye. Mama: Nahimana. Binti: Irakoze. Nikaona mzee amelewa usingizi. Kwa nilivyozoea mimi, mtoto hubeba jina la baba yake, na sikutaka faili langu lichafuke. Sikumwuliza. Penye jina la ukoo la Nadine nikaandika Ndayizeye. Mzee akatia sahihi bila kusoma, kwa kuniamini, na jina hilo ndilo lililokwenda Valencia.

Wiki tatu kabla ya safari faili likarudi kutoka ubalozini Pretoria. Barua ya mwaliko, bima na tafsiri zote zilimtaja Nadine Ndayizeye. Hati yake ya kusafiria ya mkimbizi ilimtaja Nadine Irakoze. Kwa macho ya ubalozi hao walikuwa watu wawili, na mwenye hati hakuwa amealikwa na yeyote. Muhula ungeanza bila yeye, na nafasi ile mtu hapewi mara mbili.

"Eish, Ma," Msajili Msaidizi akasema. "Ulimwuliza baba?"

"Sikumwuliza."

"Basi nenda ukamwulize leo. Nyumbani kwake, siyo kwa simu."

Nikaenda Joubert Park, nikapanda ngazi za jengo lao mpaka ghorofa ya saba. Mzee Ndayizeye alinisikiliza hadi mwisho.

"Bon, Mama," akasema. "Kwetu kila mutoto anapewa jina lake mwenyewe. Hachukue la baba. Huyu alizaliwa tukiwa njiani, tunakimbia vita. Akatoka muzima, na mama yake muzima. Nikamwita Irakoze. Ni kusema, asante Mungu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu siku ile. Nilikuwa nimefuta shukrani ya mtu kwa kalamu ya ofisi.

Hapo hapo Nadine akaingia. Habari za faili alikuwa ameshazipata chuoni. Akamgeukia baba yake kwa Kiingereza chake cha Joburg: "Papa! Fomu moja tu! Hata jina langu limekushinda?"

Mzee akainamisha kichwa, akamjibu kwa Kiswahili. "Ni mimi, binti yangu. Nilikuwa na usingizi."

Nikafungua mdomo. Mzee akaniwekea kikombe cha chai mkononi na kunikazia macho, nikanyamaza. Aliponisindikiza kwenye ngazi nilimwuliza kwa nini amefanya vile.

"Akijua ni wewe, hatakuamini tena, na mule ofisini hana mwengine wa kumusaidia. Mimi ni baba yake. Atanikasirikia, kisha ataomba chakula. Utamwambia siku akimaliza masomo." Nikamwahidi.

Dawa ilikuwa hati ya kiapo. Afrika Kusini mtu anaweza kuapa kituo cha polisi, mbele ya askari wa zamu. Kwa Mzee Ndayizeye mlango ule ulikuwa mzito. Mara ya mwisho kuuingia ilikuwa 2008, wageni walipofukuzwa mitaani, akalala uani pale na mkewe na watoto. Hata hivyo walikuja wote wawili, wamevaa nguo za kanisani, wakaapa kwamba Nadine ni mtoto wao na kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Valencia wakatoa barua mpya. Mimi nilikwenda Pretoria mara nne. Viza ilitoka siku mbili kabla ya ndege.

Kila mwanafunzi alituandikia ripoti ya mwezi. Ya kwanza ya Nadine ilikuwa ya njaa: mama mwenye nyumba alipakua chakula cha mchana saa tisa na cha usiku saa nne, na katikati ya siku maduka yalifungwa. Alilia darasani, maana Kihispania cha mwalimu kilikwenda mbio kuliko cha kitabuni. Mwezi wa pili walimwuliza jina lake la pili la ukoo, kwani kule watu hubeba mawili, la baba na la mama. Akawaeleza kwamba kwao mtu hupewa lake peke yake, na darasa zima likataka alitafsiri. Kufikia mwezi wa nne alikuwa akibishana na mama mwenye nyumba kuhusu chumvi ya wali, kwa Kihispania, na anashinda. Ripoti zile nilizisoma mara mbili mbili na kumshukuru Mungu.

Nilistaafu mwaka 2014, mwaka ule ule Nadine alipovaa joho. Ninyi mnaoingia kazi hii mtakuwa na kompyuta nzuri kuliko zetu. Nawasihi muulize tu; mtu aliyeketi mbele yenu analijua jina la mwanawe. Nawashukuru wakubwa wangu wote, hata yule wa mikutano. Lakini deni langu kubwa la shukrani ni kwa mlinzi wa Hillbrow.

Siku ya mahafali nilikwenda nimejiandaa kutimiza ahadi. Nikamkuta Nadine akimtambulisha baba yake kwa rafiki zake: "Huyu ndiye Papa aliyesahau jina langu!" Wakacheka, na mzee akacheka nao. Ujasiri ukaniishia.

Nadine, mwanangu, masomo umemaliza. Baba yako hakusahau. Jina lako alinitajia sawasawa, nami ndiye niliyeandika lingine.