Mashine Isiyojua Mwezi

Miaka ile ya wakimbizi Kigoma ilijaa wageni wa misaada, na wageni wakichoka hutafuta mchezo. Nyumba moja ya wageni kule Katonga, kando ya ziwa, ikaamua kuwatengenezea kiwanja kidogo cha gofu chenye mashimo matatu tu. Meneja akanipa mimi, fundi bomba, kazi ya kubuni mfumo wa kumwagilia majani utakaojiendesha wenyewe. Nilijiona nimefika. Mzibua masinki wa Katubuka leo anachora ramani!

Niliichora mara nne. Pampu ingevuta maji ziwani hadi kwenye tangi la kilimani, na kutoka hapo mabomba yangeteremka, kila shimo na koki yake ya umeme. Kisanduku chenye saa kingefungua koki hizo alfajiri, na tena saa nane mchana jua linapochoma. Nikaujaribu mfumo juma zima. Vinyunyizio vilizunguka, majani yakanywa, upepo ukapeperusha manyunyu hadi ufukweni, ambako hakukuwa na mtu. Meneja akanipa mkono. Siku hiyo nilishindwa hata kula kwa furaha.

Kumbe juma lile lilikuwa la mbalamwezi. Kwetu dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haifai kitu, kwa hiyo wavuvi hupumzika na mchanga wanapoanikwa dagaa hubaki mtupu. Mtoto yeyote wa Ujiji anajua hilo. Mimi nimezaliwa Ujiji, na nililisahau kwa kukishangaa kisanduku kinachojua Jumatatu hadi Jumapili.

Giza liliporudi, dagaa nao wakarudi. Siku ya kwanza tu, saa nane, nikasikia ukelele ufukweni, nikakimbia. Vinyunyizio vya shimo la tatu vilikuwa vinawanyeshea dagaa walioanikwa pale. Mwenyewe alikuwa mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo na watoto wawili. Alikuwa ameuza kitenge chake cha mwisho akanunua ndoo moja ya dagaa, ili aanze biashara. Dagaa wakilala na maji, wanaoza.

"Papa, we uko fundi wa namna gani?" alinikemea. "Mvua ya kiangazi unaitoa wapi? Hii njo chakula ya batoto bangu!"

"Nisamehe, mama. Ni mashine hiyo."

"Mashine haiko na macho. We uko nayo."

Aibu ilinishika. Nikafunga maji, nikatoa mabati mapya stoo bila kumwuliza meneja, nikayatandaza juani. Yalipata moto upesi. Tukahamisha dagaa kwa viganja, mimi na yeye, tukawa tunawageuza hadi magharibi. Walipokauka alichukua mmoja, akamvunja, akausikiliza mlio wake. Ndipo akacheka, na mimi nikapumua.

Kesho yake nikachora upya. Koki ya shimo la tatu niliipa swichi ya peke yake, nikaifunga kwenye nguzo upande wa ufukweni, nikamkabidhi mama yule. Wakati wa giza azime, hata maji ya alfajiri, maana mchanga ukilowa hapaanikiki. Wakati wa mbalamwezi awashe. Alielewa mara moja, tofauti na mimi.

Basi majani ya shimo la tatu yakawa yanakauka nusu ya mwezi na kuchipua nusu nyingine. Meneja akaniita. Wageni walilalamika kuwa mpira unadunda ovyo, na yeye alitaka kujua ni nani anazima maji. Sikuwa na uongo tayari, nikamweleza yote, na mabati nayo. Nilisema swichi ile siing'oi. Kama ni kazi, aichukue.

Akatoka barazani, akatazama ufukweni. Mama yule alikuwa anaanika ndoo tatu sasa, na wanawe wanafukuza kunguru.

"Waambie wageni," meneja akasema, "shimo la tatu linachezwa wakati wa mbalamwezi."

Na kweli wakawa wanaulizia mwezi kabla ya kuja kucheza.