Baba Yangu Alivyomuaga Kamishna

Mungu asifiwe, aliyenifikisha uzee huu na kunisamehe mengi, maana aibu ya siku ile Nakuru, miaka ya hamsini, bado inanichoma masikio nikiisimulia.

Nilikuwa askari polisi, na Kamishna wa polisi wa nchi nzima (mzungu aliyeanza kama inspekta mdogo huku kwetu Bonde la Ufa akapanda hadi juu kabisa) alikuwa anastaafu, akizunguka kuaga vikosi, na mimi ningevishwa tepe za ukoplo kwa mkono wake mwenyewe, basi nikamwita baba kutoka Keringet aje aone. Akaniuliza huyo mkubwa anakwenda wapi, nami nikajibu huku nikipiga viatu rangi, "Amemaliza kazi, baba, anarudi kwao kuzeeka."

Sikufikiri zaidi ya hapo.

Gwaride likapangwa, bendi ikanyamaza, Kamishna akasimama mbele yangu na tepe mkononi, mara nikamwona baba akitoka walikoketi wageni, amejifunga blanketi lake, anatembea polepole kama aliyealikwa kuhutubia, akamfikia Kamishna na kumtemea mate kifuani (kwetu mzee humbariki hivyo anayeanza safari ndefu, na mimi niliyejua hilo tangu utotoni sikumwonya mtu).

Inspekta wa kikosi chetu akamkamata baba mkono. "Mzee huyu ni wa nani?"

"Ni baba yangu, bwana," nikasema, nikatoka mstarini kumwahi, bunduki ikaniponyoka ikamwangukia Kamishna mguuni, naye akaruka kwa mguu mmoja mbele ya mabibi wa kizungu wa Milimani na kofia zao.

"Ananitukana?" akauliza Kamishna.

"Anakubariki, bwana."

Baba akanivuta shati, akaniambia kwa lugha yetu, "Mwambie atulie, bado mara tatu."

Nikamwambia. Gwaride zima likacheka. Kamishna akajifuta kwa leso, akatia tepe zangu mfukoni, akaenda garini akichechemea.

"Mtu mzuri," baba akasema tukirudi kambini, "ila hana subira."

Tepe sikuziona tena, na wenzangu wakaniita Koplo Mate mpaka nilipoacha kazi. Tangu hapo sikutanishi watu wasiojuana kabla ya kumweleza kila mmoja desturi za mwenzake, hata wakiniona msumbufu.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie umalize kazi yako kwa amani, uzeeke kati ya wanaokuelewa.