Mvusha watoto aishiye ng'ambo ya barabara

Philomena Cawley anaingia katikati ya barabara, ananyanyua kibao chake cha duara, na lori la mchanga linafunga breki. Watoto wa shule wanavuka. Dereva anapiga honi.

"Piga tu, baba! Betri itakufa kabla yangu," anamwambia, wala hageuki.

Ni asubuhi, katika mji mmoja pembezoni mwa London. Mena, kama watoto wanavyomwita, ana miaka hamsini na miwili, na hii ni kazi yake kwa mwaka wa kumi na moja. Koti lake la njano lina nembo ya halmashauri ya mji. Ajabu ni kwamba halmashauri hiyohiyo inasema Mena si mkazi wake.

Inakuwaje? Mena ni wa jamii ya Wasafiri, Waayalandi ambao tangu enzi za mababu huishi kwenye trela. Trela yake ilikaa miaka mingi kwenye uwanja nyuma ya shule. Miaka minne iliyopita halmashauri ilileta trekta, likaziburuta trela zote hadi ng'ambo ya barabara. Si mbali, ukitupa jiwe linafika. Lakini ng'ambo ni wilaya nyingine.

Alipoomba nyumba ya halmashauri, ya kupanga kwa kodi nafuu, akagonga mwamba: mwombaji sharti awe ameishi mjini miaka kumi mfululizo.

"Kanuni ni moja kwa wote, Mena," anasema Graham Pelling, ofisa wa nyumba, aliyemshika bintiye mkono akingoja kuvushwa. Si mtu mbaya. Anasema huku anatazama viatu vyake.

"Kwa wote, ndiyo. Wewe bwana uliburutwa na trekta lini?"

Graham anacheka, kisha anaacha. "Kanuni siandiki mimi."

"Basi vuka, mtoto asichelewe."

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu unakata upande mmoja. Hakuna palipoandikwa kwamba Wasafiri wasipewe nyumba, lakini wote walioomba kutoka uwanja ule wamekwama hapohapo. Hoja hiyo wakili wao ataipeleka kwa jaji Alhamisi.

Mena anaihitaji nyumba kwa ajili ya mumewe, Dinny, ambaye mapafu yake yaliharibika kwa kazi ya kumwaga lami. Mashine yake ya kupumulia inaendeshwa na jenereta iliyo chini ya dirisha, inayokula karibu nusu ya mshahara wa mkewe.

"Usiku jenereta inanguruma, simsikii," anasema Mena. "Nalala nimemwekea mkono kifuani. Kikipanda, nasinzia."

Na wakishinda?

"Nitachomeka mashine kwenye umeme wa ukutani," anasema, akiegemeza kibao chake begani. "Halafu nizime jenereta, nivute mkono wangu, nilale namsikia."