Mashimo Sita kwenye Mteremko wa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga, na asubuhi ya kwanza pale mtaani kwetu Katandala upepo ukanipiga usoni, ule upepo mkavu wa Julai unaopasua midomo. Mahali fulani watu walikuwa wanachoma majani. Nikasimama mlangoni na kikombe cha chai, nikajiona nina miaka kumi.

Unajua kazi yangu ni kubuni viwanja vya gofu. Watu huniuliza mtoto wa Kifipa alijifunzia wapi mchezo wa matajiri. Huwa nacheka tu. Nilijifunzia kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya bibi, kabla sijalisikia hata neno gofu.

Kiangazi tulichunga ng'ombe wa bibi pamoja na watoto wa jirani, wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Ng'ombe walikula majani yakabaki mafupi kabisa, na hapo ndipo tulipochezea. Mpira ulikuwa kipande cha mzizi kilichochongwa, kila mtu ana fimbo yake iliyopinda. Tulichimba mashimo sita kwa kisigino, na aliyeyamaliza kwa mapigo machache alikula mahindi ya kuchoma ya wenzake.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa akipiga mpira unavuma. Mimi sikuwa na nguvu. Walinicheka hadi wakachoka, mwishowe wakanipa kazi ya kuchagua mashimo yachimbwe wapi. Moja nikaliweka ng'ambo ya kijito. Mwenye nguvu angeweza kuvusha mpira moja kwa moja, ila akikosea ni tope. Asiye na nguvu angezunguka kwa juu, kidogo kidogo, akafika mkavu. Siku hiyo nilishinda kwa mara ya kwanza.

Binamu alikasirika, akapiga tena kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa, ukavuka kijito na shimo, ukaangukia shambani kwa bibi. Tukakimbilia kuutafuta, tukakanyaga ntumba zake, yale matuta ya mviringo aliyofukia majani ndani ili yaoze na kurutubisha udongo.

Bibi alitoka jikoni na mwiko wenye ugali wa ulezi.

"Nani amekanyaga chakula chetu cha mwakani?"

Binamu akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye anayepanga mashimo, bibi."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku mbili tuliinama naye, tukirudisha majani na udongo, mgongo unauma, yeye akigombeza bila kupumzika. Tulipomaliza nilijua mchezo umekwisha. Badala yake akateremka hadi kwenye lile shimo la ng'ambo ya kijito, akalitazama, akatazama shamba lake.

"Hili lihamishe," aliniambia. "Mtu akikosea, hasara iwe yake, isiwe ya jirani."

Sikuelewa nilichopewa. Miaka mingi baadaye, kwenye kiwanja changu cha kwanza, mwenye eneo alitaka kilima kisawazishwe kwa tingatinga, kila shimo lionekane kutoka mlangoni kwake. Nilikataa, nikakaribia kufukuzwa. Nikamtembeza siku nzima kwenye mvua nikimwonyesha maji yanakopita, na kwamba mama mwenye umri wake angeweza kukizunguka kilima kile na bado akamshinda kijana. Kilima kikabaki. Mpaka leo nikichora, namfikiria kwanza yule asiyeweza kupiga mbali.

Nilimletea bibi picha ya kiwanja kile. Aliishika karibu na macho.

"Hapa panalimwa nini?"

"Hapalimwi kitu, bibi. Watu wanacheza."

"Majani yote haya, na hakuna hata ng'ombe mmoja?" Akanirudishia picha kwa huruma, kana kwamba nimemweleza msiba.

Alifariki mvua zilizofuata. Safari hii nilikwenda mteremkoni na binamu, sasa baba wa watoto wanne. Pamejaa nyumba za bati, bodaboda zinapita tulipokuwa tukipiga mpira, na jirani mfugaji alishahama na watoto wake. Binamu alisema kijito kilipita kwenye ule uzio wa matofali. Mimi nikasema hapana, kilipita chini zaidi. Tukabishana pale kwa muda mrefu, kila mtu na uhakika wake, halafu tukageuka kurudi, maana hakubaki mtu wa kumuuliza.