Kuku wa Mfunga Mifupa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Metroni, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alinikagua kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Wewe ndiye wa Chuo Kikuu? Karibu. Hapa tunaanza na sindano." Akanipeleka jikoni. Sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye sufuria juu ya kuni, na ncha zake zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe kama visu. Nilimuuliza nani alipima kama jiwe haliachi chembe ndani ya ncha. Metroni alisukuma kuni motoni. "Shikamoo hujanipa," alisema, "maswali umeshanipa."

Kituo kilikuwa juu ya Lushoto, upande wa kuelekea Rangwi. Jina lake sitalitaja, maana wengine waliofanya kazi pale wako hai na wana wajukuu. Asubuhi ukungu uliingia wodini kupitia madirisha, na mashuka hayakukauka kabisa mpaka jua la mchana.

Ninyi mnaosomea uuguzi leo mna somo zima la tiba asili na tiba mbadala. Sisi tulikuwa na agizo la mdomo kutoka wilayani: shirikianeni na waganga wa jadi. Nchi ilikuwa imejitawala, dawa zilikuwa haba, na kujitegemea lilikuwa neno la kila mkutano. Mimi sikulipinga agizo. Niliuliza tu, mgonjwa akiwa na watabibu wawili, nani anamwangalia?

"Wote wawili," alijibu Bwana Mfawidhi, mkuu wa kituo.

"Wote wawili maana yake nani?"

Akacheka. "Binti, Chuo Kikuu kimekukausha. Nenda ukale."

Jibu hilo nililikumbuka alipoletwa Naomi.

Naomi alikuwa mke kijana, mwanakwaya wa Kilutheri, mwenye shamba lake la maharage kwenye mteremko ambao mgeni angeupanda kwa mikono na magoti. Aliteleza akiwa amejitwika mahindi ya shamba la kijiji, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Lushoto, na kituoni hatukuwa na mashine ya picha za mifupa. Nduguze wakampeleka kwa Mzee Shembilu, mfunga mifupa, ambaye milima yote ilimjua.

Sitamdharau mzee huyu. Aliupapasa mguu huku amefumba macho, akavuta, akazungusha, mfupa ukarudi mahali pake. Akaupaka majani yaliyopondwa, akauzungushia fito za mianzi, akazikaza kwa kamba za magome. Kisha akamvunja kuku mguu uleule wa kulia, akaufunga vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya mafundi wa mifupa: kuku akianza kukanyaga, mgonjwa naye mfupa wake umeshika. Jambo lingine la kawaida, ambalo hakuna aliyeliandika kwenye vitabu vyetu, ni kwamba fito zinafunguliwa na mkono uliozifunga tu. Mkono mwingine ukizigusa, ni kumtukana fundi na kumwombea mgonjwa ubaya.

Bwana Mfawidhi aliposikia, alifurahi. Viongozi walikuwa wanakuja kutazama ushirikiano, na huu hapa ushirikiano, umelala chali na una jina. Akaagiza Naomi aletwe wodini na Mzee Shembilu awe anakuja kila siku. Ila fito zenye majani hazikupendeza machoni. "Wageni watasema tunalaza watu na takataka," alisema. Basi Metroni akazungushia bandeji nyeupe juu ya mianzi, kutoka vidoleni hadi juu ya goti, akakaza vizuri kama alivyofundishwa na masista wa misheni. Kuku akafungwa kamba nje ya mlango.

Mguu uliovunjika huvimba. Ukivimba ndani ya kitu kisichotanuka, damu hukosa njia. Kwa hiyo muuguzi anayelinda mguu uliofungwa hutazama vidole: rangi yake, joto lake, na kama mgonjwa anahisi ukivigusa. Anabonyeza ukucha na kuona kama wekundu unarudi. Kazi hiyo haihitaji mashine. Lakini bandeji ilikuwa imevifunika vidole.

Siku za kwanza Naomi alilia. Metroni alimpa aspirini. Mzee Shembilu alitema mate ya baraka kwenye bandeji, kwa mbali, akasema majani yanafanya kazi. Kisha asubuhi moja Naomi akaacha kulia.

"Hauniumi tena," alisema. Alikuwa anatabasamu. "Umetulia kabisa, Sista. Kama si wangu."

Wodi nzima ilifurahi. Metroni alisema ni aspirini. Mzee alisema ni majani. Mama mkwe wa Naomi alisema ni maombi ya kwaya. Mimi nilifunua ncha ya bandeji kwa kidole kimoja. Kidole gumba cha Naomi kilikuwa na rangi ya zambarau, na nilipokifinya hakunitazama.

Nilimkimbilia Metroni. "Tufungue."

"Ya juu ni yetu, ya chini ni ya mzee, na bila yeye kuanza sigusi. Nikifungua ya chini, kesho ndugu zake wanambeba wanaondoka naye. Umeshawahi kuona wakimbeba mgonjwa wakaondoka naye? Mimi nimeona. Alifia njiani."

Nikaenda kwa Bwana Mfawidhi. Alikuwa anapanga viti vya wageni.

"Wanakuja kesho," alisema. "Baada ya wageni tutafungua sote pamoja, na mzee akiwepo. Kwa heshima."

"Mguu haujui habari ya wageni."

"Na wewe hujui habari ya kazi! Unataka nimwambie nini mkuu wa wilaya? Kwamba ushirikiano wangu umekatwa na mkasi wa binti aliyeajiriwa juzi?"

Mzee Shembilu nilimkuta amechuchumaa nje, anamtazama kuku. Kuku alikuwa anakanyaga, anachechemea, anadonoa punje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwone mgosi huyu, mwanamume kweli! Kesho atakimbia."

"Mzee, umeutazama mguu wa Naomi?"

"Nimetazama kuku."

"Na mguu?"

Akaangalia mlango wa wodi, akateremsha sauti. "Kile kitambaa cheupe ni cha serikali. Zamani, wakati wa Mwingereza, nilifungua kitambaa cha hospitali kwa mgonjwa aliyeniita mwenyewe. Walinifunga jela Lushoto, nikachimba mitaro mpaka mikono ikasahau kazi yake. Ninyi fungueni cha juu. Kikishatoka, mimi nitafungua changu sasa hivi."

"Wao wanasema ufungue chako wewe kwanza."

"Nitafunguaje cha ndani na cha nje kingalipo?"

Nilisimama pale, kuku akidonoa karibu na viatu vyangu. Niliuona mpango wote kwa uwazi, na ulikuwa mpango wa watu wenye adabu. Metroni alimheshimu mzee. Mzee aliiheshimu serikali. Bwana Mfawidhi aliwaheshimu wageni. Katikati ya heshima hizo Naomi alikuwa amelala, anatabasamu.

Nikaingia wodini, nikachukua mkasi mkubwa, nikapasua vyote viwili kwa pamoja, bandeji, kamba na mianzi. Mama mkwe alipiga ukunga. Mzee Shembilu, mlangoni, alifunika uso kwa kofia yake. Harufu ndiyo iliyomaliza ubishi.

Vijana walimbeba Naomi kwa machela kwenye tope mpaka mahali barabara ilipopitika, akapelekwa Lushoto, na daktari akamkata mguu chini kidogo ya goti. Daktari aliniambia mfupa wenyewe ulikuwa umekaa sawasawa. Alisema hata yeye asingeupanga vizuri zaidi.

Wageni walikuja siku iliyofuata, sehemu mbovu ya barabara wakiipita kwa miguu. Walikuta kitanda kimetandikwa na kuku anatembea, wakapiga makofi.

Baadaye kilifanyika kikao. Bwana Mfawidhi alisema tiba za jadi ni hatari. Wazee wa kijiji walisema bandeji ya hospitali ndiyo iliyoua mguu. Nilisema kilichoua mguu ni kwamba haukuwa na mwenyewe, nikaambiwa niketi. Ushirikiano ukasitishwa. Mzee Shembilu hakufunga tena mfupa wa mtu, na majira ya mvua watu walivunjika kama kawaida, wakakaa majumbani wakingoja barabara. Wengine mifupa yao ilishikia upande.

Mimi nilihamishiwa Kwamkoro, zahanati ya mashamba ya chai, ambako wafanyakazi kutoka kila mkoa walikuja na dawa zao kiunoni, na nilijifunza kuuliza kwanza, "Umefungwa nini, na nani?" kabla ya kuuliza kinachouma. Kisha nikarudishwa Lushoto kufundisha wauguzi, hadi nilipostaafu. Wanafunzi waliniuliza kila mwaka kama niko upande wa tiba asili au wa hospitali. Niliwauliza wao wako upande wa nani alfajiri, mgonjwa anapoacha kulia. Wachache walielewa. Hata mimi sijaridhika na jibu langu. Najua tu kwamba kila tiba niliyoiona ikiua, iliua mahali ambapo kila mmoja alidhani mwenzake anatazama.

Naomi hakuweza kuishi tena milimani. Mteremko haulimwi kwa mguu mmoja. Ukoo wa mume uligawa shamba lake la maharage, na yeye akateremka Mombo kwa kaka yake, kwenye tambarare na joto, akashona nguo. Baada ya kustaafu nilimtembelea. Alikuwa mzee kama mimi, miwani puani, cherehani mbele yake, na gongo limeegemezwa ukutani. Aliniita Sista, kama zamani. Akawaita wajukuu, wakaja wamejipanga.

"Msalimieni bibi," aliwaambia. "Wote walipoogopa, huyu ndiye aliyenifungua."

Wakanipa shikamoo mmoja mmoja, kisha wakanishukuru kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa. Nikaitikia marahaba. Yeye alikuwa ameshainamia cherehani, na chini ya meza mguu wake mmoja ulikuwa unakanyaga pedali.